Sesshu, Mchoraji wa Milima na Maji

Mwaka wa 1420 alizaliwa mtoto mwanamume katika kijiji cha Akahama, jimbo la Bitchu, upande wa magharibi wa nchi ya Japani. Angali mdogo alipelekwa katika nyumba ya watawa wa dini ya Buddha iitwayo Hofuku-ji, ili asome na kulelewa humo. Habari za utoto wake ni chache, ila kiko kisa kimoja ambacho watoto wa Kijapani husimuliwa tangu zamani.

Inasemwa kwamba mtoto huyo hakupenda vitabu, akawa hushinda akichora tu. Mwalimu wake akakasirika, akamfunga kwa kamba kwenye nguzo ya hekalu. Jioni aliporudi kumfungua, akaona panya karibu na miguu ya mtoto, akaenda mbio kumfukuza, lakini panya hakuondoka. Kumbe alikuwa panya wa kuchorwa: mtoto alilia, machozi yakaanguka sakafuni, naye akayatumia kama wino na kidole cha mguu kama kalamu. Tangu siku ile mwalimu hakumkataza tena kuchora. Kisa hiki kimo katika kitabu kilichochapwa mwaka wa 1693, karibu miaka mia mbili baada ya kufa kwake. Basi na kisikizwe kama hadithi. Walakini watu hawatungi hadithi ya namna hiyo juu ya mchoraji hafifu.

Alipokua alikwenda Kyoto, mji wa kifalme, akakaa katika hekalu kubwa la Shokoku-ji. Watawa wa huko walikuwa wa madhehebu ya Zen, watu wa kukaa kimya na kutafakari. Na wengi wao walijua kuchora. Mmoja wao, jina lake Shubun, alikuwa mchoraji wa mtawala wa Japani. Shubun alikuwa mfuasi wa mtawa mwingine wa hekalu lile, Josetsu. Kwa Shubun kijana huyu alijifunza kazi ya wino.

Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Wino wa Kichina hufanywa kwa masizi na gundi, hukaushwa ukawa kipande kigumu kama fimbo fupi, kisha husagwa juu ya jiwe pamoja na maji kidogo. Mchoraji huutumia kwa brashi ya manyoya, juu ya karatasi au hariri. Akizidisha maji, wino huwa mwepesi kama moshi. Akiyapunguza, huwa mweusi kabisa. Kwa weusi huo mmoja, bila rangi nyingine, yampasa aonyeshe mwamba, mto, ukungu, na hata theluji, ambayo haichorwi hata kidogo, bali ni karatasi yenyewe iliyoachwa tupu. Wala hakuna kufuta. Mkono ukikosea, kosa limebaki. Tena picha zilizopewa heshima kuu katika Uchina, Korea na Japani ni za nchi, yaani milima na mito. Na jina la picha hizo katika lugha zao ni maneno mawili tu, milima na maji.

Palikuwa na jambo moja lililowasumbua wachoraji wa Kyoto. Milima waliyoichora ilikuwa milima ya Uchina, nao hawakupata kuiona. Waliijua kwa picha za kale zilizoletwa na merikebu, hasa za mabingwa kama Ma Yuan na Xia Gui, waliokufa zaidi ya miaka mia moja kabla yao. Basi walichora picha kwa kutazama picha. Mtawa wetu alitaka kuona kwa macho yake. Karibu na mwaka wa 1454 aliondoka Kyoto, akaenda mji wa Yamaguchi, chini ya ulinzi wa ukoo wa Ouchi, mabwana wakubwa waliofanya biashara na Uchina. Huko ndiko alikotwaa jina la Sesshu, ambalo maana yake ni theluji na mashua. Naye amekwisha pita umri wa ujana. Akangoja merikebu miaka mingi.

Hata mwaka wa 1467, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba, alipata nafasi katika merikebu ya Ouchi iliyofuatana na wajumbe waendao kwa mfalme wa Uchina. Walitia nanga katika bandari ya Ningbo. Karibu na hapo pana hekalu mashuhuri la Tiantong, na watawa wake walimpa Sesshu daraja ya kiti cha kwanza. Heshima hiyo hakuisahau, maana hata uzeeni aliitia katika sahihi yake juu ya picha. Kisha wajumbe walipanda kwa njia ya Mfereji Mkuu mpaka Beijing, safari ndefu sana, na Sesshu njiani akachora milima, madaraja, minara na watu. Huko Beijing alichora picha ukutani katika jumba la serikali lililosimamia ibada na heshima za ufalme. Mgeni kutoka visiwani kuitwa kuchora mahali kama pale, si jambo dogo.

Mwaka wa 1469 alirudi kwao, akakuta nchi imeharibika. Mwaka ule ule alioondoka, mabwana wa Japani walikuwa wameanza vita mjini Kyoto kwa ajili ya kugombea urithi wa utawala. Vita hivyo viliendelea hata mwaka wa 1477. Hekalu la Shokoku-ji lilikuwa limeteketea kwa moto tangu mwaka wa kwanza, na bwana wake wa Yamaguchi, Ouchi Masahiro, alikuwa Kyoto na jeshi lake. Sesshu hakurudi kukaa mji ule. Alikwenda jimbo la Bungo katika kisiwa cha Kyushu, akajenga chumba cha kuchorea mahali penye kutazama milima na bahari, akawapokea wote waliotaka picha, wakubwa kwa wadogo. Baadaye alisafiri sana katika Japani, kisha akarudi Yamaguchi.

Hapo Yamaguchi, mwaka wa 1486, alimaliza kazi yake kubwa kuliko zote. Ni picha moja ndefu ya kukunjwa, kimo chake kama sentimeta 40, na urefu wake karibu mita 16. Mtazamaji huifunua kidogo kidogo toka kulia kwenda kushoto, naye hutembea ndani yake kama msafiri: huanza na majira ya kuchipua majani, hupita chini ya magenge na misonobari, huona mashua, soko na watu wengi, na mwisho hufika katika theluji. Mistari yake ni mizito na yenye pembe kali, kana kwamba mwamba umepasuliwa kwa shoka. Njia ni ya Xia Gui, lakini nguvu ni ya Sesshu mwenyewe.

Mwaka wa 1495 mwanafunzi wake mmoja, mtawa Soen, aliyekuwa karibu kurudi kwao Kamakura, alimwomba picha iwe ushahidi wa mafunzo yake. Sesshu alikuwa na miaka sabini na sita kwa hesabu ya Kijapani ya zamani, ambayo mtoto alihesabiwa mwaka mmoja siku ya kuzaliwa. Akamchorea kwa njia iitwayo wino uliovunjika: mabaka ya wino mweusi hutiwa juu ya wino mwepesi ungali majimaji. Kwa mbali ni kama wino uliomwagika tu. Kwa karibu ni kilima chenye miti, nyumba ya kuuzia pombe yenye bendera, na mashua yenye watu wawili.

Juu ya picha ile aliandika maneno yenye maana sana. Alieleza kwamba alikwenda Uchina kutafuta walimu, akaona wachoraji bora ni wachache. Aliwataja wawili tu, Li Zai na Zhang Yousheng, ambao kwa kuwafuata alipata ujuzi wa rangi na wa wino uliovunjika. Ndipo aliporudi Japani alipotambua jinsi Josetsu na Shubun walivyokuwa wakubwa, akazidi kuwaheshimu. Aliyavuka maji yote yale, akagundua thamani ya mwalimu aliyemwacha Kyoto. Mtu mwenye kiburi asingaliandika hivyo mbele ya mwanafunzi wake.

Mwaka uliofuata alichora Bodhidharma, mtawa wa kale aliyekaa miaka tisa akiukabili ukuta, na nyuma yake Huike, aliyekuja kutaka mafunzo akakataliwa, hata akaukata mkono wake ili aonyeshe haja yake. Hakuna furaha katika picha ile. Mwalimu hageuki, mwanafunzi ameshika mkono uliokatwa, anangoja.

Kazi moja ya miaka yake ya mwisho inamwonyesha akiwa amepita miaka themanini, na bado yu safarini. Ni picha ya Amanohashidate, ulimi mrefu wa mchanga wenye misonobari, unaokata ghuba katika pwani ya kaskazini ya Japani. Imechorwa juu ya vipande vya karatasi vilivyoungwa, kama picha ya kujaribia. Sasa hakuchora Uchina tena, bali nchi yake, na mahekalu yake akayaandikia majina. Ndani yake umo mnara wa hekalu la Chion-ji, uliojengwa mwaka wa 1501. Nayo majengo ya hekalu la mlimani, Nariai-ji, yaliyoteketea mwaka wa 1507, bado yamesimama. Kwa alama hizo mbili wataalamu wamejua picha ilichorwa miaka gani. Sesshu mwenyewe, yasemwa, alifariki mwaka wa 1506.

Baada yake wachoraji waligombania jina lake. Hasegawa Tohaku alijiita wa tano katika kizazi cha Sesshu, ingawa hakuwa wa ukoo wake. Lakini mwaka wa 1593 bwana Mori Terumoto, mwenye nchi ya Yamaguchi wakati huo, alimpa mchoraji Unkoku Togan nyumba ya zamani ya Sesshu pamoja na ile picha ndefu. Picha hiyo baadaye ilirudi kwa ukoo wa Mori, nayo imehifadhiwa katika nyumba yao ya makumbusho mjini Hofu, si mbali na Yamaguchi ilikochorwa.