Jenerali Sherman na mwanawe padre

Vijana wenzangu, Jenerali William Sherman wa Marekani wengi tunamjua kwa vita tu: mwaka 1864 aliteka Atlanta, kisha akapiga mguu na askari 60,000 hivi mpaka Savannah, akiharibu reli na mashamba njiani. Mimi kinachonigusa ni ya nyumbani kwake. Mkewe Ellen alikuwa Mkatoliki kwelikweli. Mtoto wao Willie alikufa kwa homa ya matumbo 1863, ana miaka 9 tu. Basi mzee akamtegemea Thomas, awe mwanasheria. Mwaka 1878 Thomas akajiunga na Wajesuiti. Jamani, baba alikasirika! Uchungu ule haukumtoka upesi. Alipofariki Februari 1891, aliyeongoza ibada ya mazishi kule St. Louis alikuwa Padre Thomas.