Duke Ellington na Nyimbo Zake za Zamani

Muhula uliopita nililitungia bweni letu wimbo kwa kuchukua mahadhi ya wimbo nilioutunga nilipokuwa Kidato cha Pili, nikabadili maneno tu. Wenzangu wakaniita mvivu, nami nikaona haya. Likizoni nilisikiliza santuri za Duke Ellington na kusoma habari zake, na sasa napenda kuwaeleza wasomaji niliyoyapata.

Jina lake hasa ni Edward Kennedy Ellington. Alizaliwa Washington, Marekani, tarehe 29 Aprili 1899. Mwaka 1927 bendi yake iliajiriwa Cotton Club, New York, mahali ambapo Weusi walipiga muziki na Wazungu ndio waliokaa kusikiliza. Hayo nayapita.

Mwaka 1940 bendi ilitia katika santuri muziki usio na maneno, Never No Lament. Mahadhi yake yalitoka kwa Johnny Hodges, mpiga saksafoni. Mwaka 1942 Bob Russell aliutilia maneno, ukaitwa Don't Get Around Much Anymore. Mwaka ule ule, mwezi wa Agosti, chama cha wapiga muziki kiliwakataza wanachama wake kutengeneza santuri mpaka makampuni yakubali kulipa zaidi. Basi kampuni ikaitoa tena ile ile ya 1940 kwa jina jipya! Ellington mwenyewe ameandika kwamba alikwenda kwa mawakala wake kukopa dola 500, akapewa bahasha yenye hundi. Alidhani ni dola 2,250. Alipotazama vizuri, kumbe ni 22,500.

Tena kuna Concerto for Cootie, ya 1940, aliyomtungia Cootie Williams, mpiga tarumbeta. Cootie aliihama bendi kabla mwaka haujaisha. Russell akautilia muziki huo maneno, nao mwaka 1943 ukawa Do Nothing Till You Hear from Me. Nilizisikiliza zote mbili nikihesabu kwa vidole. Katika ile ya kwanza fungu la mahadhi lina vipimo 10. Katika wimbo limepunguzwa likawa na 8, kama nyimbo za kuimbwa zilivyozoeleka. Hapo nilikumbuka wimbo wangu. Mimi sikupunguza wala kuongeza chochote.

Jambo moja sikulipenda. Inasemekana kwamba Hodges, kila alipopiga mahadhi aliyoyatoa yeye, alimgeukia Ellington na kufanya vidole kama mtu ahesabuye noti.

Ellington alifariki New York tarehe 24 Mei 1974, Hodges akiwa amemtangulia kwa miaka minne.

Nami niseme kweli: mahadhi yangu ya Kidato cha Pili niliyasikia kwa mwenzangu mmoja, akiyapiga mluzi kwenye foleni ya maji bombani. Jina lake sikuliandika popote. Juma lililopita nilimwendea. Alicheka, kisha akaniuliza kwa nini niliukata mwisho wake.