Robert Hooke: Jamaa wa springi aliyefunikwa na jina la Newton

Kama ulifika kidato cha pili na fizikia haikukutoa mbio, basi Hooke unamjua. Ni yule wa kuning'iniza vyuma kwenye springi, unapima imevutika sentimita ngapi, unachora grafu, laini inanyooka, unafunga daftari. Stori ikaishia hapo. Lakini huyu jamaa alikuwa mtu, tena mtu wa mikono, na maisha yake yatakusaidia kuelewa chombo ambacho wengi hukiona kama toi: bunduki ya upepo.

Robert Hooke alizaliwa Julai 1635 kijijini Freshwater, kwenye kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi. Utotoni aliugua kila mara, masomo yakawa shida, kwa hivyo alishinda nyumbani akiunda vitu. Aliona saa ya shaba imefunguliwa, akatengeneza yake ya mbao, na ikatembea. Akiwa na miaka 13 baba akafariki. Akaenda London na urithi mdogo, akaonja kazi ya uchoraji kwa Peter Lely, akaiacha, akaingia shule ya Westminster. Mwaka wa 1653 akafika Oxford, akijisaidia kwa kuimba kwaya na kuwatumikia wanafunzi wenye pesa.

Huko akapata kibarua kwa Robert Boyle, mtoto wa tajiri mkubwa. Boyle alitaka pampu ya kutoa hewa ndani ya chombo cha kioo. Hooke akamjengea, na kufikia 1659 ilikuwa ikifanya kazi: silinda, pistoni na vali. Kwa vyombo vya aina hiyo Boyle akaonyesha kwamba hewa nayo ni springi. Ukiibana, inasukuma. Mwaka wa 1662 akatoa sheria yake, ile nyingine unayoijua kutoka darasani. Sheria ina jina la Boyle, lakini pampu ilitoka mikononi mwa Hooke.

Mwaka huo huo Royal Society, chama cha wanasayansi wa London, kikampa Hooke kazi ya kuwaonyesha wanachama majaribio mapya karibu kila wiki. Jamaa hakupumzika. Mwaka wa 1665 alichapisha Micrographia, kitabu cha picha za vitu vidogo alivyoviona kwa hadubini, na humo ndimo alimotumia neno seli kwa mara ya kwanza kuelezea vyumba vidogo ndani ya kizibo cha mti. London ilipoteketea 1666, alikuwa kati ya waliopima viwanja ili mji ujengwe upya. Mshahara je? Tajiri mmoja, John Cutler, aliahidi kumlipa pauni 50 kwa mwaka, kisha akagoma. Hooke akapigania haki yake kortini hadi 1696.

Sasa tuje kwa springi. Hooke aliamini amegundua jinsi inavyofanya kazi, lakini aliogopa kuibiwa wazo. Mwaka wa 1676 akachapisha herufi 14 zilizopangwa kialfabeti, fumbo tupu. Miaka miwili baadaye ndipo akalifumbua: kadiri unavyoivuta springi, ndivyo nguvu yake inavyoongezeka. Ivute mara mbili, nguvu inakuwa mara mbili. Mahesabu yaliyofuata yakaonyesha kwamba nishati inayolala ndani yake inakuwa mara nne.

Huhitaji maabara kuliona hilo. Simama Malaba utazame malori yakisubiri kuvuka kwenda Uganda. Lililobeba limekaa chini, tupu limeinuka. Hiyo ni springi ikisoma mzigo. Ndiyo maana pia kuna kipimo: lori la ekseli saba halifai kupita tani 56. Ukiipinda springi kupita uwezo wake, hairudi tena ilivyokuwa. Fundi yeyote wa jua kali pale Busia atakuonyesha moja iliyolala.

Bunduki ya upepo Hooke hakuibuni, maana Ulaya zilikuwepo kabla hajazaliwa. Lakini ile ya springi ni kama maisha yake yote ndani ya bomba moja. Unapoikoki, unabana springi nyuma ya pistoni. Ukivuta kifyatulio, springi inafunguka, pistoni inakimbia ndani ya silinda, hewa inabanwa ghafla na kupata moto, kisha inakisukuma kidonge cha risasi nje ya mtutu. Nguvu ya Hooke inageuka kuwa nguvu ya Boyle. Na sehemu kubwa ya nishati inapotelea njiani. Mara nyingi ni kama thuluthi moja tu inayofika kwenye kidonge.

Ndiyo maana kuweka springi ngumu zaidi si ujanja. Pistoni inagonga mwisho wa silinda kwa kishindo, sili inachakaa, springi inavunjika, bunduki inaruka mkononi na shabaha inapotea. Mafundi wanaoijua kazi hufanya kinyume. Wanahakikisha springi imekaa barabara kwenye kishikio chake isitikisike, wanapaka grisi kiasi, na wanachagua urefu wa safari ya pistoni ili nguvu isivuke sheria. Uingereza kikomo ni takriban jouli 16, na ukizidisha, unahitaji cheti kama cha bunduki ya kawaida. Ujerumani inayouzwa bila leseni haifai kuzidi jouli 7.5. Jouli 16 si mchezo: ni kidonge cha nusu gramu kikienda karibu mita 250 kwa sekunde. Jicho halisamehewi hapo.

Na hapa kwetu, usidhani neno upepo ni kibali. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Bodi ya Leseni za Silaha. Ukiona moja inauzwa ng'ambo ya mpaka, uliza bodi kwanza kabla pesa hazijatoka mfukoni. Kuipitisha njia ya panya kimyakimya ni kununua kesi.

Hooke alimalizaje? Kwa ugomvi. Isaac Newton alipoandaa kitabu chake kikubwa kuhusu mvutano wa sayari, Hooke alidai sehemu ya wazo ilikuwa yake. Newton alikasirika, na hawakupatana tena. Hooke alifariki Machi 1703 akiwa mgonjwa na mpweke, ingawa chumbani mwake lilipatikana sanduku lenye maelfu ya pauni. Mwaka huo huo Newton akawa rais wa Royal Society. Hadi leo hakuna picha ya Hooke ambayo wote wanakubali ni yake.

Kwa hivyo uso wake hutaujua. Lakini bonyeza kalamu yako, panda bodaboda upige matuta ya Busia, tazama lori likiinuka baada ya kushusha mzigo. Kazi yake bado inaendelea, na inakurudishia kile tu ulichoweka.