Marie Curie, radiumu ya Shinkolobwe na radio ya meno

Mugonjwa anayepigwa radio ya meno hapa Lubumbashi anaona munganga akitoka inje ao akijificha nyuma ya ukuta mbele ya kubonyeza mashini. Wengi wanaogopa wakiona vile. Desturi hiyo ilikuja kisha watu wengi kuumia, na Marie Curie anahesabiwa kati yao.

Alizaliwa Varsovie, inchini Polonye, tarehe 7 Novemba 1867. Alienda kusoma Paris mwaka 1891. Pamoja na bwana yake Pierre, aligundua poloniumu na radiumu mwaka 1898, na alipata zawadi ya Nobel mara mbili: 1903 na 1911.

Katanga pia iko ndani ya maisha yake. Mwaka 1915, mawe ya uraniumu yalionekana Shinkolobwe, karibu na Likasi. Toka 1922, Union Minière ilitoa radiumu ya mawe hayo katika kiwanda chake cha Olen, Ubelgiji, na bei ikaanguka. Gramu moja ambayo wanawake wa Marekani walimununulia Marie mwaka 1921 ilikuwa ya dola 100 000. Ya pili, mwaka 1929, kwa ajili ya Varsovie, ilinunuliwa Ubelgiji kwa nusu ya bei hiyo. Wachimbaji wa Shinkolobwe hawatajwi sana katika vitabu vya maisha yake.

Vita vya 1914 vilipoanza, Marie alitengeneza motokari zenye mashini ya radio kwa kutafuta risasi ndani ya miili ya askari. Alienda mwenyewe karibu na vita, pamoja na binti yake Irène, mwenye miaka 17, na alifundisha wanawake karibu 150 kazi hiyo. Kinga ilikuwa ndogo sana.

Alikufa tarehe 4 Julai 1934, akiwa na miaka 66. Mifupa yake haikuweza tena kutengeneza damu. Mwaka 1995, mwili wake ulipohamishwa Panthéon, wachunguzi walikuta radiumu kidogo tu, wakafikiri kwamba radio za wakati wa vita ndizo pengine zilimuua.

Leo radio ya jino moja inatoa mionzi kidogo kuliko ile mutu anapata kwa siku nzima toka udongo na anga. Mugonjwa anapigwa mara moja moja. Mufanyakazi anapiga kila siku, mwaka mzima. Ndiyo maana anatoka, na hapaswi kushika filimu kwa kidole chake ndani ya kinywa cha mugonjwa. Mwanamuke mwenye mimba amwambie munganga mbele ya kukaa kwenye kiti.