Mwalimu Aliyelitumikisha Jua: Maisha ya Augustin Mouchot

Sisi walimu wa Sayansi mara nyingi hudhani kwamba uvumbuzi ni kazi ya watu wenye maabara kubwa. Maisha ya Augustin Mouchot yatuonyesha vingine.

Mouchot alizaliwa mwaka 1825 katika mji wa Semur-en-Auxois, nchini Ufaransa. Alianza kazi akiwa mwalimu wa shule za msingi, kisha akafundisha hisabati katika shule za sekondari. Mnamo mwaka 1860, akiwa Alençon, alianza majaribio yake, kwani aliona kwamba makaa ya mawe yaliyoendesha viwanda yangekwisha siku moja. Badala yake alilitazamia jua.

Mtambo wake ulikuwa na sehemu tatu. Mabamba yenye kung'aa, yaliyopangwa mfano wa faneli, yalikusanya mwanga. Katikati palisimama chombo cha shaba kilichotiwa weusi, kwa kuwa weusi hufyonza mwanga na kuugeuza kuwa joto. Kifuniko cha kioo kilizuia joto hilo lisipotee. Maji yalichemka, na mvuke ukaendesha injini. Katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1878 alitengeneza barafu kwa joto la jua, akatunukiwa medali ya dhahabu.

Hata hivyo, bei ya makaa ilishuka, na serikali ikaacha kumsaidia. Mouchot alifariki mjini Paris mwaka 1912, hali akiwa fukara.

Je, alikosea? La hasha. Wataalamu wa leo wangali wanautafuta weusi uliokamilika. Hutengeneza nyuso zenye vishimo na vinyweleo vinavyopimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Mwanga uingiapo humo hugonga huku na huku, hata karibu wote ukafyonzwa.

Nasi tunaweza kuanza pale alipoanza yeye. Tutwae makopo mawili yaliyo sawa. Moja tulipake masizi, la pili tuliache liking'aa. Tutie maji ya kipimo kimoja, tuyaweke juani kwa muda wa saa moja. Wanafunzi wabashiri kwanza, kisha wapime kwa kipimajoto na kuandika matokeo. Tusiwatangulie kwa jibu. Mouchot hakupewa jibu na mtu. Alilipata kwa kujaribu, na huo ndio urithi aliotuachia sisi walimu wenzake.