Masinde Muliro na kilio cha waliofurushwa Kitale na Bungoma

MASINDE Muliro alianguka na kufariki mnamo Agosti 14, 1992, katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi, muda mfupi baada ya kuwasili kutoka London. Alikuwa na umri wa miaka 70. Wakati huo, maelfu ya watu wa Trans Nzoia na Bungoma, maeneo mawili yaliyomlea na kumjenga kisiasa, walikuwa wamefurushwa kutoka mashamba yao na kutafuta hifadhi makanisani, shuleni na mijini.

Wengi humkumbuka Muliro kama mmoja wa waasisi wa siasa za vyama vingi nchini. Hata hivyo, kuna suala jingine lililomwandama tangu ujana wake hadi kifo: ni nani aliye na haki ya kuishi wapi, na ni nani atakayemlinda anapofukuzwa hapo.

Alizaliwa mwaka 1922 katika eneo la Kimilili, chini ya Mlima Elgon. Walowezi wa Kizungu walikuwa wamekwisha kugawiwa ardhi yenye rutuba ya Trans Nzoia, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale. Wabukusu, Wasabaot na jamii nyingine zilizolisha mifugo yao huko ziligeuzwa wageni. Waliosalia waliishi kama maskwota, wakifanya kazi kwenye mashamba ya walowezi.

Muliro alivuka mpaka kwenda kusoma katika Chuo cha St Peter's mjini Tororo, Uganda, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini. Katika miaka hiyo serikali ya Makaburu ilipitisha sheria ya mwaka 1950 iliyotenga makazi kwa misingi ya rangi, na ambayo baadaye iliwahamisha watu wengi kwa nguvu.

Aliporejea nyumbani alifanya kazi ya ualimu kwa muda mfupi. Mwaka 1957 alichaguliwa kuwa miongoni mwa Waafrika wanane wa kwanza waliopigiwa kura kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Wenzake walikuwa pamoja na Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala na Daniel arap Moi.

Mnamo 1960 Muliro, Ngala na Moi walishirikiana kuunda chama cha KADU, na Muliro akawa naibu wa Ngala. Chama hicho kilihofia kwamba jamii ndogo zingemezwa na zile kubwa, na ndipo kikapigania serikali ya majimbo. Lakini majimbo yalihitaji mipaka, na mipaka ikaleta mzozo ndani ya chama chenyewe. Muliro alitaka Kitale iwe upande wa Magharibi. Viongozi wa Kalenjin waliitaka katika Bonde la Ufa. Mwishowe Trans Nzoia ikabaki Bonde la Ufa.

KADU ilivunjwa mwaka 1964 na Muliro akaingia KANU. Walowezi walipoanza kuuza mashamba yao, watu wa Bungoma na kwingineko walichanga fedha katika vyama vya ushirika na makampuni ya kununua ardhi, wakahamia Trans Nzoia. Muliro alikuwa miongoni mwa viongozi waliowahimiza, naye mwenyewe akafanya eneo hilo kuwa makao yake na ngome yake ya ubunge. Kwa wanunuzi hao, huko kulikuwa kurejea kwao. Kwa baadhi ya majirani wao waliokuwa pia wamenyang'anywa ardhi na walowezi, ulikuwa ni unyang'anyi wa pili.

Mwaka 1975, akiwa Waziri wa Ujenzi, Muliro aliipinga serikali bungeni katika kura kuhusu ripoti ya mauaji ya J.M. Kariuki. Rais Jomo Kenyatta alimpiga kalamu mara moja, pamoja na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu.

Mwaka 1991 alikuwa miongoni mwa waasisi sita wa FORD. Ndipo baadhi ya wanasiasa wa chama tawala walipofufua wito wa majimbo, safari hii wakiwataka waliohamia Bonde la Ufa warudi walikotoka. Maneno yaliyotumiwa na KADU kutetea jamii ndogo yakawa sasa silaha ya kufukuzia watu. Muliro, aliyeyapigania majimbo ujanani mwake, alijikuta upande wa wanaotishwa.

Mapigano yalizuka Oktoba 1991 katika shamba la Meteitei, Nandi, yakaenea hadi Trans Nzoia na Bungoma. Nyumba ziliteketezwa, mifugo ikaibwa. Wabukusu walifurushwa, Wasabaot nao wakakimbia pale walipokuwa wachache. Kamati ya bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku iliwasilisha ripoti yake Septemba 1992, mwezi mmoja baada ya Muliro kuzikwa, nayo ikawataja hadharani wanasiasa waliohusishwa na uchochezi. Waliofurushwa hawakuwa na sheria ya kuwalinda. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 ulimtambua mkimbizi aliyevuka mpaka wa nchi, wala si aliyekimbia kutoka Endebess hadi mjini Kitale.

Pengo hilo lilianza kuzibwa Desemba 2006, mataifa ya Maziwa Makuu yalipotia saini mkataba wa usalama jijini Nairobi. Ulikuwa na itifaki moja ya kuwalinda wakimbizi wa ndani na nyingine ya kulinda mali ya wanaorejea makwao. Wino haukuwa umekauka vyema kabla ya vita vya ardhi vya Mlima Elgon na ghasia za uchaguzi wa 2007 kuwang'oa watu upya. Baadhi ya Wakenya wa magharibi walivuka mpaka wa Malaba mapema 2008 wakapokewa Mulanda, katika wilaya ya Tororo, karibu na alikosomea Muliro.

Kenya ilipitisha sheria yake ya wakimbizi wa ndani mwaka 2012, miaka 20 baada ya kifo chake.

Leo jina la Muliro limo kwenye chuo kikuu na bustani mjini Kakamega. Huko Kitale na Bungoma, hata hivyo, wapo waliozeeka wakisubiri kurejea kwenye mashamba waliyoyakimbia, na kila msimu wa kura swali lile la mwaka 1962 kuhusu mwenyeji na mgeni huulizwa tena. Sheria sasa ipo. Kinachosubiriwa ni viongozi wa pande zote za mlima watakaoitumia kumlinda hata yule asiyewapigia kura.