Ibn Battuta: Mgeni wa Wasiomjua

Miongoni mwa wasafiri waliosimulia habari za pwani ya Afrika Mashariki kabla ya kuja kwa Wareno, Ibn Battuta hakosi kutajwa. Aghalabu sisi wanafunzi wa Kiswahili humtaja kwa ajili ya Mombasa na Kilwa, kisha tukampita. Hata hivyo, maisha yake yadhihirisha jambo jingine: safari ya takriban miaka thelathini ilitegemea hisani ya watu wasiomjua.

Alizaliwa Tangier, nchini Moroko, mwaka wa 1304, katika ukoo wa makadhi. Mnamo mwaka wa 1325 aliondoka peke yake kwenda kuhiji Makka. Alipofika Tunis, wenyeji walitoka kuwalaki wageni wao, naye asipate wa kumsalimu. Akalia. Mmoja wa mahujaji alipomwona, alimwendea na kumliwaza mpaka wakaingia mjini.

Mnamo mwaka wa 1331 alifika Mogadishu. Huko vijana walizipokea jahazi kwa mashua, kila mmoja akiwa na chakula cha kumkaribisha mfanyabiashara atakayekuwa mgeni wake. Kwa kuwa yeye alikuwa mwanachuoni, alipelekwa kwa kadhi, akalazwa katika nyumba ya wanafunzi na kuletewa chakula mara tatu kwa siku. Kilwa nako alimkuta Sultani al-Hasan, aliyeitwa Baba wa Hidaya, ambaye fakiri kutoka Yemen alipomwomba nguo alizovaa, alizivua akampa. Lakini tusifumbe macho: katika kisa hicho hicho fakiri alipewa pia watumwa. Ukarimu kwa mmoja ulikuwa utumwa kwa wengine.

Jaribio kubwa lilimpata Bara Hindi, mwanzoni mwa miaka ya 1340, alipotumwa na Sultani wa Delhi kwenda Uchina. Karibu na mji wa Koil alitekwa na kunyang'anywa mali, akaponyoka, akatangatanga kwa siku kadhaa. Kisimani alitumia kiatu chake kutekea maji. Kamba ikakatika, kiatu kikatumbukia. Hapo ndipo alipotokea mtu asiyemjua, akampa maji na chakula. Ibn Battuta aliposhindwa kutembea, mtu yule alimbeba mgongoni. Alipozinduka alijikuta kijijini, na mbebaji wake hayupo. Yeye aliamini kuwa huyo alikuwa walii.

Mnamo mwaka wa 1355, mjini Fez, alimaliza kumsimulia Ibn Juzayy safari zake, naye akaziandika. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji wa Mogadishu na Kilwa walimlisha mgeni wa siku chache, naye akawaachia ushahidi ambao wanahistoria wa pwani wangali wanautegemea. Masultani alituachia majina yao. Hujaji wa Tunis na waliobeba sinia za chakula Mogadishu hawana majina kitabuni. Wana matendo yao tu, na bila hayo kitabu chenyewe kisingalikuwapo.